Mvua ya Kuaga

Mbegu ya mama yangu ilikaa darini, juu ya moto wa jikoni, miaka ishirini na miwili. Kila mwaka ilipandwa, ikavunwa, kisha mama akachagua mahindi yaliyomridhisha, akayafunga mawili mawili kwa kamba za mkonge na kuyaning'iniza tena moshini. Yalikuwa mahindi meupe, mafupi, yenye kukomaa upesi kabla jua la Mraru, kijiji chetu, halijayawahi. Majirani waliyaita mahindi ya Mable, kwa sababu Mable ndilo lililokuwa jina lake, na nyumba nyingi za pale barabarani zilianza kwa kuomba kwake kibaba kimoja.

Alikuwa na sheria moja tu: usipande yote. Theluthi moja ibaki darini, hata mvua inyeshe hadi uiogope.

Alikufa mwaka wa themanini na mbili. Mwaka wa themanini na nne mimi, binti yake, niliimaliza ile mbegu. Sikuila wala sikuiuza. Niliagiza ipandwe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimehitimu stashahada ya hali ya hewa. Kituo nilichopangiwa kilikuwa upande wa Ndara, nje kidogo ya Voi: uwanja uliozungushiwa waya, kisanduku cheupe cha vipimajoto, mshale wa upepo juu ya mlingoti, kipimamvua, na nyumba ya mabati yenye redio ya kupelekea tarakimu zetu Nairobi. Tulifanya kazi wawili, mimi na mzee Ndambuki, Mkamba aliyeanza kupima mvua tangu enzi za wakoloni. Yeye hakuwa na cheti cha aina yoyote. Mimi nilikuwa nacho, na nadhani nilihakikisha hasahau.

Vuli ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetupita. Ng'ombe wa Ndara walikuwa wameanza kuonyesha mbavu. Kwa hiyo Jumanne ya mwisho ya Machi, saa tatu asubuhi, nilipomimina maji ya kipimamvua katika kioo cha kupimia, nilipiga kelele.

"Mzee! Thelathini na moja nukta nne!"

"Umesoma vibaya," akajibu Ndambuki kutoka ndani. "Hiyo ni ya Mombasa."

"Njoo uone mwenyewe."

Alikuja akiburuta viatu, akainama, akafumba jicho moja. "Haya. Kumbe Wataita mna faida."

"Nyinyi endeleeni kuchonga twiga wa mbao. Mvua tuachieni sisi."

"Mtoto huyu!" alisema akicheka, na siku ile nzima tulikuwa watu wa furaha.

Jumatano ikaongezeka milimita ishirini na mbili. Lakini Jumatano nilifika kituoni nimevaa sweta ya mama, ile ya kijani aliyokuwa akivaa akipanda milimani kwenda matanga. Ndambuki alinitazama.

"Leo umekuja kama mtu wa Limuru."

"Kuna baridi, mzee."

"Nimeona. Soma kipimajoto."

Nilisoma kile kinachoonyesha baridi ya usiku. Nyuzi kumi na nane na nusu. Wakati kama ule kwa kawaida huwa ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nikaandika kumi na nane na nusu, kwa mwandiko mzuri. Nikatazama mshale, nikaandika: kusini, upepo wa nguvu. Ndambuki alisimama chini ya mlingoti muda mrefu, mikono nyuma.

"Huu ni upepo wa Juni," alisema. "Umekuja mapema."

"Hata ukiwa wa Desemba, mzee. Mvua imenyesha."

Nilicheka. Nayakumbuka meno yangu yalivyosikia baridi nilipocheka.

Alasiri nikapanda baiskeli kwenda nyumbani. Baba yangu, Zephaniah, alikuwa amestaafu kazi ya reli, naye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kofia na maneno machache. Nilimkuta mlangoni akipigilia mpini wa jembe.

"Wakio! Huko mjini mmepata?"

"Tumepata, baba. Milimita hamsini na tatu kwa siku mbili."

"Ndiyo nyingi hiyo?"

"Tulifundishwa kwamba ukipata ishirini, panda."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kwa raha, kama mtu anayeonja uji uliokolea. "Basi kesho natia sehemu mbili ardhini. Theluthi ibaki, kama alivyosema mama yako."

Hapo ndipo nilipofungua kinywa.

"Panda yote, baba. Vuli hatukuvuna kitu. Mbegu iliyo darini ni ya mwaka juzi, na dumuzi wameshaingia. Ikikaa hadi Oktoba haitaota. Ikiingia ardhini sasa, utavuna mbegu mpya, utajaza dari."

"Na mvua ikikatika?"

Tulikuwa tumeingia jikoni. Mshipi wake wa suruali ulikuwa umening'inia kwenye msumari. Niliuchukua, nikaunyosha juu ya meza, upande mmoja hadi mwingine. "Huu ndio ukanda wa mvua, baba. Ni mawingu yaliyoizunguka dunia hapa kiunoni. Januari uko kusini yetu. Machi na Aprili unapita juu yetu ukienda kaskazini. Oktoba unaanza kurudi. Sasa umefika. Ukifika hukaa wiki sita, saba."

"Nani anausukuma?"

"Jua. Unafuata jua."

"Jua peke yake?"

"Jua, baba."

Alinyanyua macho akatazama dari, mahindi yaliyofungwa mawili mawili, meusi kwa moshi. "Una hakika, mwanangu?"

"Nimeipima kwa mkono wangu mwenyewe."

Alivaa mshipi wake, akavaa kofia, akatoka. Nilidhani anaenda kukagua shamba. Kumbe alikuwa anakwenda nyumba hadi nyumba.

Tulipanda Alhamisi na Ijumaa. Niliomba ruhusa kazini ili nishike jembe. Udongo ulikuwa umelewa maji, na upepo wa kusini ulitupiga mgongoni mchana kutwa. Baba alifunga vifungo vyote vya koti. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunapanda mahindi ya masika tukitetemeka. Siku ya sita yakachomoza, mstari kwa mstari, na baba akasimama ukingoni mwa shamba akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Kisha nikaanza kuandika sifuri.

Sifuri nukta sifuri. Sifuri nukta sifuri. Siku moja yalidondoka matone ya kuhesabika juu ya bati, nikakimbia nje. Kioo hakikupata hata pa kusomea. Milima ya Taita ilijifunika ukungu kila asubuhi, nao watu wa huko juu walipata manyunyu yao, lakini sisi wa chini tulibaki tukitazama mvua ya wenyewe. Upepo haukubadilika. Kusini, kusini, kusini mashariki.

Mwisho wa Aprili garimoshi lilileta bahasha yetu kutoka Nairobi. Kituo kidogo kama kile kilituma tarakimu zake kila siku bila kuona picha inayochorwa kwazo. Ramani zilitufikia wiki kadhaa baadaye, mambo yakiwa yamekwisha. Ndambuki alizitandaza mezani, akaweka kikombe kila pembe, akatafuta ile ya siku tuliyopata mvua.

"Njoo hapa," alisema. Hakuwa na mzaha.

Kusini kabisa, baharini chini ya ncha ya Afrika, kulikuwa na duara juu ya duara, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Dhoruba ya baridi. Huko ndiko kwao: zinatembea mwaka mzima kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwa kawaida hatuna habari nazo. Lakini hii ilikuwa kubwa kuliko desturi, na nyuma yake hewa baridi ilikuwa imemiminika kuelekea kaskazini, ikapita baina ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, ikapanda pwani hadi kwetu. Sikuhitaji Ndambuki anieleze yaliyofuata. Niliyasoma darasani. Niliulizwa katika mtihani, nikajibu kurasa mbili. Baridi ile inapofika huingia chini ya hewa yenye joto na unyevu kama kabari chini ya gogo, inainyanyua yote kwa mara moja, na mvua hushuka kwa kishindo siku moja, mbili. Baada ya hapo baridi hubaki imekalia nchi, na ukanda wa mvua unasukumwa kaskazini kabla ya wakati wake.

Jua peke yake, nilimwambia baba.

"Mvua yako ile haikuwa ya kupiga hodi, binti," alisema Ndambuki. "Ilikuwa ya kuaga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia upepo ni wa Juni."

"Ungenikazia!"

"Wewe?" Aliondoa vikombe kimoja kimoja, ramani ikajikunja yenyewe. "Na mimi nilijua baridi tu, Wakio. Mambo ya huko baharini nimeyaona leo, kama wewe."

Kipimajoto nilikisoma mimi. Mshale niliutazama mimi. Kumi na nane na nusu, kusini: habari yote ilikuwa mle katika daftari, kwa mwandiko wangu, siku ile ile niliyokwenda kwa baba.

Nilimkuta shambani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na majani yalikuwa yamejikunja mviringo kama ya vitunguu. Alikuwa anayang'oa na kuyarundika kwa ajili ya mbuzi.

"Baba, nilikosea." Nikamweleza yote, dhoruba, kabari, kusukumwa kwa ukanda. Sikujificha nyuma ya neno hata moja.

Alisikiliza akiwa na shina mkononi. "Ahaa," alisema. Akang'oa jingine. "Maji yako kwenye debe. Nawa miguu, una vumbi."

Hakuongeza kitu, siku hiyo wala mwezi huo. Alinisalimu, alinikaribisha chai, aliniuliza habari za mzee Ndambuki. Lakini tangu niajiriwe hakuna siku niliyofika nyumbani asiniulize mlangoni, "Wakio, mbinguni kunasemaje?" Sasa hakuuliza tena. Nilikuwa naegesha baiskeli na kungoja, nikichelewesha kufungua mzigo, labda atauliza. Hakuuliza.

Nikasema nitamtafutia mbegu. Mama alikuwa amewapa watu wengi. Lazima kuna dari moja yenye mahindi ya Mable. Jumamosi mbili nilizunguka Mraru. Nilianza na mama Katunge, Mkamba aliyekuja kutoka Makueni na kuanza maisha kwa kibaba cha mama. Alikuwa anapepeta vumbi kutoka kwenye maharagwe.

"Mama, umebakiwa na mahindi ya mama yangu? Hata hindi moja."

"Mwanangu, nilipanda yote."

"Yote? Si huwa unaacha?"

Alinitazama kwa mshangao. "Kwani hujui? Baba yako alipita hapa ile jioni, kofia kichwani kama mtu wa harusi. 'Wakio amepima! Mwanangu amepima kwa mkono wake, tupande yote!' Zephaniah, ambaye hata salamu huitoa kwa kijiko! Tukasema, mtu huyu akisema, amesema." Akarudi kwenye ungo wake. "Usilie kwangu. Machozi nayo ni maji, utayahitaji."

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo. Ya tano ilikuwa hivyo. Waliokuwa wameacha kidogo walikuwa wamekwishakisaga. Nyumba ya tisa mzee mmoja alinipa hindi moja kwa mikono miwili. Nikalipukuchua njiani, kila punje ikawa na tundu. Mahindi yetu yaliyosalia mashambani hata ndovu waliyadharau. Kufikia Juni tulikuwa tunapanga foleni ya unga wa njano wa msaada, na ugali wake ulinuka gunia.

Niliugua malaria mwezi huo, nikapona, nikaugua tena Julai. Nikakonda hadi sweta ya mama ikanivaa mara mbili. Ndipo shangazi Tryphena, dada yake baba, akashuka kutoka Mgange na kapu la viazi vitamu. Aliketi kando ya kitanda changu, akanishika kifundo cha mkono.

"Hii si kazi ya mbu peke yake."

"Shangazi, mimi nimesoma."

"Tumeona ulivyosoma." Kisha akapaza sauti ili ifike nje, kwa kaka yake. "Hasira ya baba haihitaji mdomo ili itembee! Zephaniah, mtoto unamwona! Tasa!"

Kwetu milimani, mtu aliyemkasirikia mwenzake alichukua maji au pombe ya miwa kinywani, akaitaja hasira yake hadharani, kisha akayapuliza maji hayo nje pamoja na maneno ya heri. Huko ndiko kutasa. Hasira isiyotajwa, waliamini wazee wetu, hutoka yenyewe na kumdhuru mtu, hata mwenyewe asipotaka.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alijibu baba kutoka uani. "Hayo niliyaacha nilipobatizwa."

"Uliyaacha, sawa. Hasira nayo uliiacha?"

Shangazi aliondoka kesho yake akiwa amenuna, na mimi nikarudi kazini na miguu ya mtu mwingine.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, tumetoka ibadani, baba bado na tai shingoni. Nilikuwa naegemeza baiskeli ukutani niondoke. Alitoka jikoni na kikombe cha bati. Maji ya Mraru wakati ule yalikuwa ya foleni bombani tangu alfajiri, debe moja kwa nyumba, na kikombe kile kilijaa hadi ukingoni. Alivua kofia, akaiweka juu ya kigoda.

"Simama hapo," alisema.

Nikasimama.

"Nimekukasirikia, Wakio." Alisema kwa Kidawida, lugha yetu ya Kitaita ambayo hatukuwa tumezungumza naye tangu mama afe. "Tangu ile Aprili. Nilikukasirikia nikila, nikakukasirikia nikisali. Nilitoka humu nikapita kwa watu nikijisifu juu yako, na sasa nikipita wananiamkia wakitazama chini. Nimemkasirikia mama yako, aliyekufa akaniachia sheria asiniachie ubavu wa kuishika. Uliposema nipande yote, nilijua jibu la mama yako. Nilimsikia kabisa. Nikakufuata wewe kwa sababu ulizungumza vizuri."

Mimi nilitaka aseme kwamba hana kitu moyoni, kwamba nimejitungia mwenyewe. Hakusema hivyo.

Alikunywa funda kubwa, akalishika kinywani, mashavu yamejaa, macho yamefumba. Nilidhani atalimeza. Kisha akalipuliza, manyunyu membamba kifuani kwangu na mavumbini kati yetu. "Ipoe," alisema. "Mtoto awe mzima. Aende salama, arudi salama."

Nguo yangu ililowa kidogo. Alama ya ardhini nikaitazama, kwa mazoea ya kazi. Haikumaliza dakika mbili, ikakauka.

Alinipa kikombe na maji yaliyosalia, nikayanywa. Sikupona siku hiyo. Ila nilipofika barabarani niligeuka, nikamwona amesimama kichwa wazi, ananitazama hadi kona.

Mvua ya vuli ilianza wiki ya mwisho ya Oktoba. Asubuhi ile nilikuwa bado nimeshika kioo cha kupimia nilipomsikia Ndambuki akisema, "Karibu, mzee, karibu ndani," na baba yangu akaingia katika waya wetu kwa mara ya kwanza, viatu vimejaa matope ya kutoka Mraru.

"Mbinguni kunasemaje?" aliuliza.

Nilisoma kioo tena. "Ishirini na saba, baba."

"Sikuuliza ngapi. Upepo unatoka wapi?"

Nilimpeleka chini ya mlingoti, tukatazama juu pamoja, matone yakitupiga usoni. "Kaskazini mashariki."

"Baridi?"

"Hakuna. Ishirini na mbili na nusu usiku."

"Kwa hiyo ukanda umefika?"

Zamani ningenyosha mshipi mezani. "Nadhani umefika, baba. Sina hakika. Huko mbali kunaweza kuwa na kitu, na ramani yake itakuja mwezi ujao. Panda sehemu mbili. Theluthi iache."

Akatoa mfukoni mwa koti pakiti ya karatasi, mbegu ya msaada, iliyopakwa dawa nyekundu. "Bwana shamba ametuambia hii hairudishwi darini. Ukivuna ukaipanda tena, inaharibika. Kila mwaka mpya, kila mwaka ya duka."

"Ni kweli."

"Basi theluthi ya nini?"

Ndambuki alikuwa amegeukia kwingine, akijifanya anafuta kisanduku cha vipimajoto ambacho mvua ilikuwa imekwisha kukiosha. Baba aliirudisha pakiti mfukoni, akanigusa bega, akaondoka akipiga hesabu ya madimbwi.

Jumamosi nilipokwenda nyumbani, sehemu mbili za shamba zilikuwa zimekwishapandwa. Nikaingia jikoni kuwasha moto. Darini kulikuwa na ile pakiti, imekunjwa mdomo, theluthi yake ndani, imefungwa kwa kamba ya mama. Kamba nyingine bado zilining'inia kando yake, nyeusi kwa moshi, mbili mbili, zimeshikilia hewa.

Nilichochea moto hadi moshi ukapanda.